Mpira Ambao Ulikuwa Bado Haujatua

Jumapili moja ya Januari, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Wendell Hruska alikuwa amesimama pembeni mwa uwanja wa Perrin Harbor akikwangua theluji kwenye njumu zake kwa kijiti cha aiskrimu. Kijiti hicho alikuwa nacho tangu sekondari na hakuwahi kukisahau nyumbani. Sekunde nne zilikuwa zimebaki. Omaha walikuwa na pointi ishirini na mbili, sisi ishirini. Katika mpira ule wa Kimarekani, kazi ya Hruska ilikuwa moja tu: kuingia uwanjani mara nne au tano kwa mchezo, kuupiga mpira ambao mwenzake ameusimamisha chini, kuupitisha katikati ya milingoti miwili mirefu, kisha kurudi kwenye benchi na blanketi lake. Mpira ukipita ni pointi tatu. Usipopita, watu elfu arobaini wanalijua jina lako na la mama yako.

Hakuna aliyemsemesha. Mji wetu unakula kwa chumvi inayochimbwa chini ya ziwa, ile ya kumwaga barabarani wakati wa theluji, na kule chini baruti ikishawashwa hakuna anayefungua mdomo mpaka ilie. Walioanzisha timu walikuwa wachimbaji, wakaja na desturi yao. Tangu kocha anapoamua kwamba sasa ni teke, mpaka mpira utue, mpigaji hasemeshwi na mtu yeyote, awe kocha au mgawa maji. Katika miji mingine pia watu humwepuka mpigaji, lakini wao wanafanya kwa kuogopa mkosi. Hapa kwetu ilikuwa sheria, ila tu haikuandikwa.

Washabiki wa Omaha hawakuwa na sheria hiyo. Walikuwa wamekaa mia tatu hivi nyuma ya goli, wamevimba kwa makoti.

"Wee Hruska! Bibi yangu angeupiga huo na malapa!"

"Mwacheni jamani, mguu umeganda. Mleteeni supu!"

Kocha wao alisimamisha saa ili mguu ugande kweli. Inaruhusiwa, na kila kocha hufanya hivyo. Hruska alisimama akitazama kidole chake gumba, kama alivyozoea, mpaka saa ikaruhusiwa tena.

Mpira ulirushwa nyuma. Dewey Platt, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga goti na kuushika, aliudaka, akausimamisha kwa ncha ya kidole, akazigeuza nyuzi za mshono wa mpira zitazame mbele. Hruska alipiga hatua mbili na nusu, akaupiga. Ilikuwa yadi arobaini na saba mpaka golini. Mateke ya Hruska yalikuwa na tabia yake: yalitoka yakielekea nje upande wa kulia, kama mtu aliyeaga kabisa, halafu mwishoni yakakata kushoto na kuingia. Miaka sita tulikuwa tukiyaona hayo na bado tulifumba macho kila mara.

Mpira ulipanda, ukafika juu kidogo ya ncha ya mlingoti wa kulia, hatua mbili nje yake, ukasimama hapo. Saa ikafika sufuri.

Watu walingoja. Sheria ya mchezo iko wazi: mpira uliopigwa kabla ya saa kuisha unahesabiwa mpaka utue, hata kama saa imeisha zamani. Mwamuzi mkuu alikijua kifungu hicho kwa moyo. Alingoja dakika kumi. Alingoja ishirini. Theluji ilianza kushika juu ya mpira. Televisheni ilihamia kwenye kipindi cha mapishi, mabasi ya Omaha yakawashwa, na watoto wakaanza kulilia choo. Dakika ya arobaini mwamuzi mkuu aliwaita waamuzi wawili waliosimama chini ya milingoti akawauliza wameona nini. Yule wa kushoto alisema yeye hakuona mpira ukiingia, na huo ulikuwa ukweli.

Wa kulia aliitwa Leland Opp. Waamuzi wa ligi ile wana kazi zao za katikati ya wiki, na Opp alikuwa daktari wa meno huko Indiana. Alirudisha kichwa nyuma akatazama juu.

"Bado uko hewani," alisema.

"Naona uko hewani, Leland. Nakuuliza umeingia au haujaingia?"

"Haujamaliza."

Mwamuzi mkuu alikuwa na ndege ya saa moja. Akaifungua mikono yake pembeni mwenyewe, ishara ya kwamba teke limekosa, na watu elfu arobaini wakaenda nyumbani wakiwa wameshindwa. Opp hakutoa ishara yoyote. Alibaki chini ya mlingoti mpaka taa zilipozimwa, kwa sababu mwamuzi wa mlingoti haondoki mpira ukiwa hai.

Jumatatu saa mbili asubuhi Hruska aliitwa ofisini. Alipoambiwa aje na daftari lake la mbinu alijua, maana mchezaji haambiwi aje na daftari ila kwa ajili ya kulirudisha. Kwa kuwa hakuruhusiwa kusemeshwa, kocha alimwandikia kwenye kikaratasi kwamba timu inamshukuru. Kilichoandikwa kilikuwa na adabu. Hruska alikikunja akakiweka pamoja na kile kijiti.

Katika ligi ile, siku ya wapigaji wasio na kazi ni Jumanne. Timu ambayo mpigaji wake amekosa Jumapili huwaita watano au sita, wanapangwa kwenye uwanja mtupu, kila mmoja anapiga mateke kumi, mmoja anabaki na wengine wanapewa tiketi ya kurudi. Ni watu walewale kila Jumanne. Wanajuana, wanaazimana soksi, wanaulizana habari za watoto, halafu kila mmoja anaomba kimoyomoyo mwenzake ateleze. Hruska alizunguka hivyo misimu miwili. Aliajiriwa wiki tatu hapa, wiki mbili pale, akapiga vizuri. Kisha mwanasheria wa timu moja akakaa na kitabu cha sheria akagundua kwamba mchezaji hawezi kuwa na mipira miwili hai kwa wakati mmoja. Teke lolote ambalo Hruska angepiga lingekuwa batili mpaka lile la kwanza litue. Timu zote zikapelekewa barua. Jumanne iliyofuata simu haikulia, wala ile iliyofuata.

Basi akarudi Perrin Harbor kuchimba chumvi na baba yake.

Mpira ulikuwa palepale. Ulionekana kutoka barabara kuu, mdogo kama zabibu kavu. Idara ya anga ilitaka uwekewe taa nyekundu kwa usalama wa ndege, kwa hiyo zimamoto walikuja na ngazi yao ndefu wakaifunga taa kwa waya. Askari aliyepanda alijaribu kuuvuta huku na huku, haukutikisika. Opp, aliyekuwa chini, alimwambia auache, kwamba jino zima halilegei kwa kulazimishwa. Opp alikuwa hapangiwi tena michezo. Hata hivyo kila wiki alifunga kliniki mapema Jumamosi, akaendesha gari kwa muda wa saa tatu, akaja na kiti cha kukunja na chupa ya kahawa, na Jumapili akakaa chini ya mlingoti. Timu ikiwa na mchezo alisogea nyuma ya goli asiwasumbue watu. Mtunza uwanja, mzee mmoja aliyeitwa Odell, alimpa ufunguo wake mwenyewe.

Ni Opp aliyegundua kwamba mpira unatembea. Aliteremsha uzi wenye risasi ya kuvulia samaki kutoka kwenye ngazi ya zimamoto, akatia alama chini, na mwezi uliofuata akarudia. Ulikuwa umesogea kushoto kwa upana wa ukucha wa kidole gumba. Mwezi uliofuata tena, ukucha mmoja.

"Unakata," Opp alimwambia Hruska. "Kama kawaida yako."

"Utafika lini?"

Opp alipiga hesabu nyuma ya kadi ya kliniki. "Ukiendelea hivi, miaka kumi na moja jumla. Lakini usinishike maneno, mimi ni mtu wa meno."

Opp aliweza kusema naye kwa sababu alikuwa mtu wa Indiana. Sisi wengine hatukusema naye. Baruti ilikuwa imewashwa na haijalia. Msichana wa dukani alimwonyesha bei kwa kidole. Kinyozi alimgeuza kichwa kwa mkono. Kwenye lifti ya kushukia mgodini, wanaume ishirini walitaniana mpaka yeye alipoingia, wakanyamaza mita mia sita kwenda chini. Wapo walionyamaza kwa heshima ya desturi, na wapo walionyamaza kwa sababu walikuwa wamechukia kushindwa na desturi ikawapa mahali pa kujificha. Ukitazama kwa nje hukuweza kuwatofautisha, na baada ya mwaka wa pili nadhani hata wenyewe hawakuweza.

Aliyeishika sana desturi alikuwa baba yake. Mzee Stefan Hruska alikuwa mlipuaji, yaani ndiye aliyewasha baruti zenyewe, na katika miaka yake thelathini alikuwa amebeba watu wawili waliofungua mdomo kabla ya wakati. Mwanawe alikuwa mtoto wake wa pekee. Walifanya kazi kwenye njia moja ya mgodi, wakala chakula cha mchana kwenye jabali moja la chumvi, mzee akimkatia soseji kipande kikubwa na kumsogezea bila neno. Siku moja ubao wa chumvi ulipasuka darini juu ya kichwa cha kijana. Baba yake aliona. Mtu mwingine angepiga kelele. Mzee Stefan alivua kofia yake ngumu akamtupia, ikampiga mgongoni, kijana akageuka na kumfuata kwa hasira, na ubao ukaanguka pale alipokuwa amesimama. Mzee aliokota kofia, akaitia kichwani, wakaendelea na kazi.

Mama yake, Irma, hakuwa mtu wa mgodi wala wa mpira. Alisema naye kwenye mlango wa nyuma, jikoni, huku mzee yuko sebuleni na gazeti.

"Baba yako hajambo," alimwambia. "Kifua kidogo."

"Ameniulizia?"

"Ameuliza kwa sauti kubwa kama tambi za kabichi zimebaki. Na yeye alikuwa ameshakula. Sasa wewe unafikiri alimuulizia nani?"

Hruska alicheka. Mama yake akamfungia bakuli, akamwambia avae skafu. Kwa miaka mitano hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake na nyumba ile, na kutoka katika mazungumzo hayo alijua mambo yote isipokuwa sauti ya baba yake, ambayo alianza kuisahau. Alimwambia Opp kwamba hilo ndilo lililokuwa likimtisha. Pointi tatu alikuwa ameshaacha kuziwaza. Alichotaka ni mpira utue wakati mzee bado yupo, ili amsikie japo mara moja.

Mwaka wa saba, Ijumaa moja ya Machi, Irma Hruska alifariki akimenya viazi. Mwanawe alikuta gari la wagonjwa nje, akaelewa mwenyewe. Alikuwa mmoja wa sita waliobeba jeneza. Baada ya ibada mji mzima ulipanga foleni kuwapa mkono wafiwa, baba na mwana wamesimama bega kwa bega. Kila aliyepita alimwambia mzee maneno ya pole, kisha akaushika mkono wa mwana, akaukaza, akanyamaza, akapita. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye foleni ile. Niliukaza mkono wake nikanyamaza. Desturi ni desturi, nilijiambia, na kuna siku nyingi tangu hapo nimejionea aibu.

Mzee alistaafu mwaka uleule. Mlango wa nyuma ulibaki umefungwa, maana aliyekuwa akiufungua hayupo. Hruska alipita kila alasiri baada ya zamu, akaingia kwa mbele, akakaa kwenye kochi. Baba yake alimwekea kahawa. Walikaa hivyo mpaka giza, kisha akaenda kwake. Kifua cha mzee kilizidi kuwa kibaya, na kila mwezi Opp aliteremsha uzi wake akapima ukucha mwingine.

Mwezi wa Novemba wa mwaka wa kumi, uzi uligusa mlingoti wenyewe. Mwaka uliofuata alama zilikuwa zote upande wa ndani.

Mpira ulitua Jumapili ya pili ya Januari. Timu ilikuwa ugenini na uwanja mtupu. Opp alikuwa kwenye kiti chake, Odell alikuwa akisukuma theluji na Hruska akimsaidia kwa koleo, kama kila Jumapili ya baridi. Saa kumi na dakika ishirini na moja mpira uliteremka katikati ya milingoti miwili, ndani kwa shibiri nzima, ukadunda mara mbili na taa yake ikiwaka, ukabingirika mpaka kwenye ukuta. Opp aliweka kikombe cha kahawa chini. Alisimama, akavuta koti lake likae sawa, akainua mikono yote miwili juu wima, ishara ya kwamba teke ni zuri. Aliishikilia kwa muda mrefu kuliko kanuni inavyodai. Kisha akakunja kiti.

"Basi, Bwana Hruska," alisema. "Nina mgonjwa kesho saa mbili."

Odell aliegemea koleo lake. Alikuwa amefanya kazi karibu na mtu huyu miaka tisa.

"Lile koti lako la kijani," alimwambia, "lina tundu kwapani. Nilitaka kukwambia siku nyingi."

Hruska aliendesha gari moja kwa moja mpaka kwa baba yake. Mzee alikuwa dirishani, na kutoka dirisha lile taa nyekundu huonekana, na sasa haikuonekana. Kwenye meza kulikuwa na vikombe viwili.

"Kaa," mzee alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko alivyoikumbuka, lakini ilikuwa yenyewe. Hruska alikaa. Baba yake alikuwa mtu wa utaratibu, akaanzia pale alipokuwa ameachia. "Ile Jumapili mama yako alikuwekea sahani kwenye oveni. Ulipochelewa akazima moto saa mbili. Nikamwambia, muache, kijana ana mpira juu. Jumatatu paka wa jirani akaingia."

Aliendelea hivyo bila kuruka kitu. Kila alasiri Hruska alitoka zamu akaja kusikiliza habari zilizokuwa zake: bomba lililopasuka mwaka wa pili, soseji zilizopanda bei, siku ile ya ubao wa chumvi na jinsi mzee alivyokesha mpaka alfajiri. Kifua kilimkatiza, akanywa maji, akaendelea pale alipokuwa. Siku ya tano alifika mwaka wa saba. Aliinuka, akavuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Mwanangu," alisema, "mama yako amefariki. Ijumaa, saa tano asubuhi, akimenya viazi. Hakuteseka. Pole sana. Pole, mwanangu."

"Asante, baba. Pole na wewe."

Hruska alilia kama mtu aliyepata habari saa ileile. Alikuwa ameubeba msiba ule miaka minne bila mtu kumpa pole, na baba yake alimshika shingo kwa nyuma akangoja amalize.

Barua ya ligi ilifika siku ya tisa, siku ambayo mzee pia alikuwa amefika kwenye wiki iliyopita na hana tena la kusema. Opp ndiye aliyekuwa ameandika ripoti, kurasa mbili, na vipimo vyote vya uzi. Majibu yalikuwa nusu ukurasa. Ligi ilimpongeza Bwana Hruska kwa teke zuri, ambalo ilikubali kwamba lilipita kihalali. Ilieleza kwamba matokeo ya mchezo hubaki kama yalivyotangazwa siku ya mchezo. Iliomba mpira urejeshwe, kwa kuwa ni mali ya ligi.

Mzee Stefan aliivaa miwani akaisoma mwenyewe.

"Wanasema uliingia."

"Ndiyo, baba."

"Na wanasema tulishindwa."

"Ndiyo."

Mzee aliikunja barua mara nne, akaiweka juu ya meza, akaweka sufuria ya moto juu yake ili meza isiungue. "Mlipuaji asiyengoja nilikuwa namfukuza kazi," alisema. Kisha akapakua tambi za kabichi, zimezidi chumvi, wakala wakiongea habari za koti la kijani.

Mzee Stefan alifariki Machi, na safari hii watu wa foleni walimwambia mwanawe pole kwa sauti, wengine mara mbili. Mpigaji wa miaka arobaini hana Jumanne tena, kwa hiyo Hruska aliendelea na zamu yake mgodini. Mwezi wa Mei, kama kila Mei, Odell aliupaka rangi upya ubao wa kumbukumbu ulio langoni mwa uwanja, ule wenye michezo mikubwa ya miaka yote. Alifika kwenye mstari wa Januari ile, akachovya brashi, akaandika juu ya maandishi ya zamani: Omaha 22, Perrin Harbor 20. Hruska alikuwa amemshikia ngazi. Odell alimwambia aisogeze kushoto kidogo, naye akaisogeza.